Mtutu ndio unaochagua: kupima risasi za bunduki ya upepo

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu wa Moshi, wa Arusha na wa kokote mnakotusikiliza. Mimi ni Neema, na mezani niko na kaka Anaeli, pamoja na makopo manne ya risasi za bunduki ya upepo ambayo tumekuwa tukiyapima tangu mwezi uliopita. Leo tunazungumzia namna ya kuchagua risasi hizo na namna ya kuzijaribu kwa haki. Ila kabla hatujafungua kopo hata moja, kaka Anaeli, naomba uanze na sheria.

ANAELI: Asante, dada Neema, na ni vizuri kuanzia hapo. Silaha na risasi nchini kwetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo mtu anayefikiria kumiliki bunduki, hata kama ni ya upepo, aanzie kituo cha polisi kuulizia utaratibu kabla hajatoa shilingi yake dukani. Jambo la pili ni kwamba ndege na wanyama wa porini wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na sisi tunapiga karatasi tu. Njiwa na hondohondo hawamo katika mazungumzo haya.

NEEMA: Na mahali pa kupigia?

ANAELI: Risasi yenye kipenyo cha milimita 4.5 iliyokosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya mita 300, kwa hiyo ua wa michongoma au ukuta wa mabati hautoshi kuizuia. Sisi tunapiga upande wa Mabogini, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, tukielekea tuta refu la udongo, na mbele ya tuta tumeweka sanduku la mbao lililojaa mchanga mkavu. Mchanga unaimeza risasi bila kuirudisha, na jioni tunauchekecha ili madini yasibaki shambani.

NEEMA: Nimependa ulivyosema "madini", kwa sababu Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa madini yenyewe na kwa kitu kinachotoka mtutuni. Leo tukisema risasi tu, tunamaanisha kile kitu chenyewe, na tukitaka kutaja kilichotengenezewa tutasema madini ya risasi. Sasa mweleze msikilizaji ambaye hajawahi kuishika risasi ya namna hii anaona nini kiganjani.

ANAELI: Anaona kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye kichwa, kiuno na pindo. Kichwa ndicho kinachotangulia. Katikati pamebanwa kama kiuno cha nyigu, na nyuma pamefunguka kama sketi, ndani yake pakiwa na uwazi. Umbo hilo lina kazi. Hewa iliyobanwa inapoachiwa inaingia kwenye uwazi ule wa nyuma na kulitanua pindo likaziba mtutu, hewa isipenye pembeni, na pindo hilohilo linauma mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu, hivyo risasi inatoka ikiwa inazunguka. Ikishatoka, uzito wake uko mbele na pindo lake linavutwa nyuma na hewa, na mambo hayo mawili, mzunguko na mvuto, ndiyo yanayoifanya iende imenyooka. Ndiyo maana pindo lililobonyea ni hasara kubwa kuliko kichwa kilichochubuka.

NEEMA: Hapo ndipo ningependa usimulie habari ya kopo lako la kwanza, maana limenifundisha mambo mengi kuliko maelezo yoyote niliyosoma.

ANAELI: Nilipoanza, niliagiza kopo la risasi zenye ncha kali, zinazong'aa, na juu ya boksi lake paliandikwa kasi ya futi 1,200 kwa sekunde. Niliamini kwamba ncha kali hupenya na kasi kubwa hunyoosha. Kopo lilisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, chini kabisa kwenye buti, na nilipolifungua nilikuta robo ya risasi zimebonyea mapindo, duara limekuwa yai, kama sufuria iliyokanyagwa. Nilizitumia hivyohivyo. Kwa mita 20 zilikuwa zinatawanyika upana wa kiganja, nami nikaishtaki bunduki. Nilimpelekea fundi, akaifungua, akabadilisha springi ambayo haikuwa na kosa, nikalipa, na bunduki ikarudi ikiwa na mtetemo ambao haikuwa nao. Ilinichukua miezi kukubali kwamba ile bunduki ilikuwa nzuri tangu mwanzo na kwamba sikuwa nimeiuliza inataka kulishwa nini.

NEEMA: Tuichukue ile futi 1,200, kwa sababu wengi wananunua kwa kuangalia namba hiyo.

ANAELI: Futi 1,200 kwa sekunde ni takriban mita 366, nayo kasi ya sauti ni kama mita 340. Risasi ya umbo hili inapokaribia au kuvuka kasi ya sauti inayumbishwa na hewa, kwa hiyo hata kama namba ile ni ya kweli, haikusaidii kupata shabaha. Mara nyingi hupatikana kwa kutumia risasi nyepesi mno isiyo ya madini ya risasi, kwa ajili ya kuandikwa kwenye boksi tu. Tena kwa bunduki ya springi, ambayo springi yake husukuma pistoni ikaibana hewa, risasi nyepesi mno ina hatari yake: hewa inapaswa kuwa kama mto wa kulalia unaoipokea pistoni mwisho wa safari yake, na risasi ikikimbia mapema mto ule unapungua, pistoni inagonga chuma. Kila mlio mkali unaosikia ni springi na kizibo cha pistoni vinavyolipa gharama.

NEEMA: Kwa hiyo tuchague nzito?

ANAELI: Tuchague inayofaa nguvu ya bunduki. Makopo huandika uzito kwa greni, na greni 1 ni gramu 0.0648, kwa hiyo risasi ya greni 8 ina kama gramu 0.52. Kwa milimita 4.5, nyingi ziko kati ya greni 7 na 10. Kwa milimita 5.5, nyingi ziko kati ya 14 na 18. Chukua risasi ya gramu 0.50 inayotoka kwa mita 240 kwa sekunde: ina nishati ya jouli 14.4. Chukua nyingine ya gramu 0.65 inayotoka kwa mita 210: ina jouli 14.3. Nguvu ni ileile, lakini ya pili inachelewa kufika na inashuka zaidi njiani, hivyo kosa lako la kukadiria umbali linakuwa kubwa zaidi. Kwa bunduki ya springi ya nguvu ya wastani ya milimita 4.5, mimi huanza na greni 8 hadi 8.5. Bunduki za chupa ya hewa, zinazojazwa kwa pampu, ndizo zinazovumilia uzito.

NEEMA: Kuhusu umbo la kichwa nina msimamo wangu, na nitausema. Kichwa bapa ndicho kinachotumika katika mashindano ya mita 10, mchezo uliomo katika Olimpiki tangu mwaka 1984, na sababu yake ni kwamba kinakata tundu safi kwenye karatasi, kama umetoboa kwa mashine ya ofisini, na mwamuzi anaweza kupima. Katika shabaha ile nukta ya pointi 10 ina kipenyo cha nusu milimita tu, kwa hiyo tundu lililochanika lingeleta ugomvi. Lakini kichwa bapa kinapambana na hewa. Kikipita mita 20 au 25 kinapoteza kasi haraka na kinaanza kutangatanga. Kwa umbali huo na kuendelea ninataka kichwa cha kuba. Zenye ncha kali sizinunui tena, kwa kuwa ncha ndogo namna ile ni vigumu kuiweka katikati kabisa katika kila risasi, na ncha iliyokaa upande inaivuta risasi upande.

ANAELI: Zenye shimo kichwani?

NEEMA: Zinapoteza kasi mapema, na kwa mtu wa karatasi hazina faida yoyote.

ANAELI: Nakubaliana nawe. Kuna namba nyingine ambayo wengi hawaisomi nyuma ya kopo, nayo ni kipenyo cha kichwa. Risasi inayoitwa ya milimita 4.5 huweza kuandikwa 4.49, 4.50, 4.51 au 4.52. Tofauti ya sehemu moja ya mia ya milimita jicho haliioni, ila dole gumba linaihisi. Ukiikunja bunduki ili mtutu ufunguke na kuisukuma risasi kwenye tundu la mtutu, inapaswa kuingia kwa ukinzani mdogo ulio sawa kila mara, na pindo lake likae sawa na uso wa mtutu. Ikidumbukia yenyewe kama kokoto kisimani, ni ndogo. Ikigoma hadi uibonyeze kwa ukucha, ni kubwa, na pindo lililobaki nje litapondwa na mtutu utakapoufunga.

NEEMA: Sasa tufike Mabogini. Waeleze jinsi tulivyofanya Jumamosi ile, maana ndiyo kazi yenyewe.

ANAELI: Tulikuwa na aina nne: bapa ya gramu 0.50, kuba ya 0.55, kuba nzito ya 0.65, na zile za ncha kali zilizobaki, safari hii nikiwa nimechambua zilizobonyea. Usiku wa Ijumaa tulizimwaga juu ya kitambaa cha taulo na kuzikagua moja moja. Kisha tulichukua kipande cha kioo cha dirisha, tukakiinamisha kidogo kwa kuweka kitabu upande mmoja, tukaziviringisha. Risasi haiendi moja kwa moja, kwa kuwa kichwa na pindo havilingani, inachora upinde. Zote za aina moja zikichora upinde mmoja na kuishia mahali pamoja, kopo limetengenezwa kwa uangalifu. Ile inayokunja kona peke yake unaitenga.

NEEMA: Mizani tuliazima kwa sonara, inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Kwa kazi hii si kali sana, lakini inatosha kukamata zile zilizopungukiwa kabisa. Kwenye kopo la kuba ya 0.55 hatukutoa hata moja kati ya 50 tulizopima. Kwenye zile za ncha tulitoa sita.

ANAELI: Asubuhi tulikuwa shambani kabla ya saa moja. Msikilizaji wa huku anajua kwamba Kilimanjaro huonekana alfajiri na kujifunika mawingu jua likipanda, na mawingu yakianza kujikusanya upepo nao unakuwa umeamka. Risasi ya gramu nusu inasukumwa na upepo unaoyatikisa majani ya mgomba kidogo tu. Tulipima mita 20 kwa utepe, tukafunga uzi wa sufi kwenye kijiti katikati ya njia, na uzi ukiinuka tunasubiri.

NEEMA: Na bunduki hukuilaza juu ya mfuko.

ANAELI: Sikuilaza, na hili wengi hulikosea. Katika bunduki ya springi pistoni huanza kukimbia na kuitikisa bunduki wakati risasi bado imo mtutuni. Ukiibana kwa nguvu au ukiilaza juu ya kitu kigumu, mtikisiko unarudi kila mara kwa namna tofauti, na matundu yanatawanyika hata kama risasi haina kosa. Niliweka mfuko wa unga uliojazwa mchanga, juu yake kiganja changu kikiwa wazi, na bunduki ikatulia juu ya kiganja bila kukamatwa. Mahali pale pale kwenye mbao iliyo chini ya mtutu, kila mara. Mpimaji asiyeshika bunduki kwa namna moja anajipima mwenyewe, hapimi risasi.

NEEMA: Kazi yangu ilikuwa vikombe. Nilileta vikombe vinne vidogo vya kahawa, nikaweka kila aina katika kikombe chake, na chini ya kikombe niliandika herufi. Kaka Anaeli aliangalia mlima wakati mimi napakia, nikamkabidhi bunduki ikiwa imefungwa, huku mtutu ukielekea tutani muda wote, naye akapiga bila kujua amepewa ipi. Nilisisitiza hilo kwa sababu mkono wa mtu huitendea wema risasi anayoipenda au aliyoinunua kwa bei kubwa, bila yeye mwenyewe kukusudia.

ANAELI: Kila tulipobadilisha aina, tulipiga risasi 15 za kwanza kwenye mchanga bila kuhesabu. Risasi huacha utando mwembamba wa madini na mafuta yake ndani ya mtutu, na aina mpya inahitaji kuweka utando wake kwanza. Aliyepima aina mbili kwa kupokezana risasi moja moja amezipima zote mbili zikiwa katika uchafu wa mwenzake.

NEEMA: Halafu risasi 10 za kuhesabiwa, kwenye karatasi yake, katika kile ambacho sisi wawili tumezoea kukiita kishada, kwa kuwa matundu mazuri hukaa pamoja kama zabibu. Kishada kinapimwa hivi: unatafuta matundu mawili yaliyoachana kuliko yote, unapima kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa jingine, kisha unatoa kipenyo cha risasi, milimita 4.5. Unachobaki nacho ni umbali wa kati kwa kati.

ANAELI: Na hapa dada Neema alinizuia nisifanye kosa. Kikombe kimojawapo, ambacho baadaye tulijua ni cha kuba nzito, risasi tano za kwanza ziliingia katika milimita 12. Nilishusha bunduki nikasema tumempata mshindi.

NEEMA: Nikamwambia amalizie kumi. Kwa hesabu za uwezekano, kishada cha risasi 10 huwa, kwa wastani, kikubwa kwa takriban robo kuliko cha risasi 5, bunduki na risasi zikiwa zilezile, na kikilinganishwa na cha risasi 3 kinazidi kwa zaidi ya nusu. Matundu matatu yaliyogusana ni picha nzuri, lakini yanaweza kutokea kwa bahati hata kwa risasi mbovu. Zile tano zilizofuata zilipanda juu, moja ikaenda kushoto, na kishada kikafika milimita 31.

ANAELI: Bapa ilimaliza na milimita 24, kuba ya 0.55 na 18, zile za ncha na 43. Tulirudia mzunguko kwa mpangilio wa kinyume, wa mwisho akawa wa kwanza, ili uchovu wangu na upepo unaoongezeka visimwangukie mmoja. Kuba ya 0.55 ilirudi na milimita 20. Hapo ndipo nilipoamini.

NEEMA: Kuna ile risasi ya saba katika mzunguko wa pili.

ANAELI: Ndiyo, na nataka wasikilizaji waisikie. Nilivuta kifyatulio vibaya na nikasema "nimeikosea" kabla sijaangalia karatasi, kwa hiyo tuliipiga upya. Kanuni yetu ni kwamba mpigaji analitangaza kosa kabla ya kuona tundu. Akishaliona tundu limekaa mbali, hana tena ruhusa ya kulikana, maana kila mtu ana sababu nzuri ya kulifuta tundu asilolipenda.

NEEMA: Tuwaambie basi wanunue kuba ya gramu 0.55?

ANAELI: Hapana, na hapa ndipo ninapoomba niaminiwe. Bunduki yako ya chapa ileile, toleo lilelile, iliyotoka kiwandani siku ileile na yangu, inaweza kuipenda ile bapa. Mifereji ya mtutu huchongwa kwa chuma kinacholika kadiri kinavyotumika, na mitutu mingine ina sehemu iliyobanwa kidogo karibu na mdomo. Hata mwinuko unaingia: bunduki ya springi inabana hewa iliyopo, na Arusha, iliyo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi kuliko Tanga kwa zaidi ya asilimia 10. Anachosifia mtu wa pwani au wa Ulaya ni jibu la mtutu wake. Makopo ya RWS na H&N ya Ujerumani, au JSB ya Jamhuri ya Cheki, yana sifa nzuri ya kulingana risasi kwa risasi, na ningeanzia huko ningekuwa na fedha ya makopo mawili tu, ila bado ningeyapima.

NEEMA: Mambo mawili ya haraka. La kwanza, mafuta ya cherehani.

ANAELI: Yasitiwe kwenye tundu la hewa la bunduki ya springi. Hewa ikibanwa ghafla inapata joto kali, mafuta yanawaka, unasikia kishindo na kuona moshi, kasi inaruka hovyo na kizibo kinaungua. Vipimo vyote vya siku hiyo vinakuwa havina maana.

NEEMA: La pili ni mikono, nalo sitalipita haraka kama nilivyoahidi, kwa sababu nina watoto nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Vidole vyako baada ya risasi 100 vina rangi ya kijivu. Ile ni madini. Usishike risasi kwa midomo ukiwa unapakia. Usile andazi katikati ya kazi. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika chochote, na lile taulo la kukagulia lisirudi kwenye matumizi ya nyumbani. Risasi za bati zipo, ni ghali na ni nyepesi, lakini kwa anayepigia nyuma ya nyumba yenye watoto ningemshauri azipime hizo kwanza, kabla ya zote.

ANAELI: Nami nitaongeza la ununuzi. Ukishaipata inayokubalika, soma namba ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye kopo, na uwezo ukikuruhusu chukua makopo kadhaa ya namba hiyohiyo, kwa kuwa kiwanda hubadilisha vyuma vya kufinyangia na kopo la mwakani linaweza kutofautiana na la leo. Kisha yasafirishe ukiwa umeyabeba mwenyewe, ukijaza sponji chini ya mfuniko risasi zisitikisike. Sikabidhi tena makopo kwenye buti la basi.

NEEMA: Kwenye mfuniko wa kopo letu nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, mita 20, 18 na 20, na namba ya toleo. Kuna kopo la pili la aina hiyo, lenye namba tofauti, ambalo hatujalifungua.

ANAELI: Hilo ni la Jumamosi. Lete vikombe, na usiniambie lipo kwenye kipi.